Ngome Haisomwi kwa Mizinga Peke Yake

Wazazi wanaowapeleka watoto wao Castillo de San Marcos, ngome ya Wahispania iliyoko mjini St. Augustine katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kawaida hukimbilia kuwaonyesha mizinga. Hilo halishangazi. Mizinga imepangwa juu ya kuta ikielekea baharini, na mtoto hufurahia mlio na moshi wa baruti pale inapofyatuliwa kwa maonyesho. Lakini ziara ikiishia hapo, mtoto atajua nani alimshinda nani, asijue kuta hizo zilisimama kwa jasho la nani wala zilimfungia nani. Ziara ya familia katika ngome ya kikoloni hutimia pale inaposimulia habari za wote waliopita humo: waliojenga, waliokimbilia na waliofungwa.

Tuanze na waliojenga. Wahispania waliuanzisha mji huo mwaka 1565, na kwa zaidi ya miaka 100 waliulinda kwa ngome za mbao zilizooza au kuteketea. Mwaka 1668 maharamia wa Kiingereza waliupora, na miaka miwili baadaye Waingereza wakaanzisha mji wa Charles Town upande wa kaskazini, huko Carolina. Hofu hiyo ndiyo iliyoleta ngome ya mawe, ambayo ujenzi wake ulianza 1672 na sehemu kuu ikakamilika 1695. Jiwe lake, kokina, ni makombe ya baharini yaliyogandamana kwa karne nyingi, nalo lilichimbwa katika kisiwa jirani cha Anastasia. Kwa kuwa ni laini, makombora yalizama ukutani badala ya kuupasua. Waingereza walipouzingira mji mwaka 1702, watu wapatao 1,500 walijihifadhi ngomeni kwa karibu miezi miwili. Nyumba zao ziliteketezwa, lakini ngome haikuanguka, na hata baadaye haikutekwa kwa nguvu. Wanaosifu uimara huo wakumbuke pia mikono iliyobeba mawe: pamoja na mafundi kutoka Cuba walikuwapo wenyeji wa Florida walioletwa kufanya kazi, wafungwa na watumwa wa Kiafrika.

Waafrika hao hawakuwa vibarua tu. Mwaka 1687 kundi dogo la watumwa watoro, wanaume, wanawake wawili na mtoto mdogo, lilifika kwa mashua kutoka mashamba ya Waingereza huko Carolina, na baadhi ya wanaume wakapewa kazi ya ujenzi ngomeni. Mwaka 1693 mfalme wa Hispania alitangaza uhuru kwa watoro waliokubali Ukatoliki. Mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano aliwapa makazi yao, Fort Mose, kaskazini ya mji, na wanamgambo wake wakaongozwa na Francisco Menéndez, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Waingereza waliposhambulia tena mwaka 1740 na kuikalia Mose, wanamgambo hao walikuwa miongoni mwa waliowatimua. Huenda mtu akasema kwamba hapo Hispania ilionyesha huruma, basi ukoloni wake usilaumiwe. Lakini tangazo lile liliwapunguzia Waingereza nguvukazi na kuwaongezea Wahispania askari, na wakati huohuo ndani ya St. Augustine kwenyewe watumwa waliendelea kumilikiwa. Sifa ya uhuru ule inawastahili kwanza wale waliovuka mito na vinamasi kuutafuta.

Baada ya Marekani kuichukua Florida mwaka 1821, kimbilio lile likawa gereza. Mwaka 1837 alifungwa humo Osceola, kiongozi wa Waseminole, wenyeji wa Florida, aliyekamatwa akiwa chini ya bendera nyeupe ya mazungumzo. Kuanzia 1875 hadi 1878 waliwekwa humo mateka zaidi ya 70 wa makabila ya nyanda za magharibi, ambao baadhi yao walichora maisha yao katika daftari zinazothaminiwa hadi leo. Mwaka 1886 walifuata Waapache karibu 500, wengi wao wanawake na watoto.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto, na kwamba likizo ni ya kufurahi. Hoja yao ina uzito, maana mtoto wa miaka sita hahitaji kusikia kila ukatili. Lakini kama watoto wa rika lake walifungwa humo, hata yeye anaweza kuambiwa kwa maneno mepesi kwamba walikaa hapa mbali na kwao bila kosa lolote. Wengine watasema tusiwahukumu wa kale kwa mizani ya leo. Hata hivyo, watoro wa 1687 walijua utumwa ni uovu, ndiyo maana waliukimbia. Na kumkamata mtu aliyekuja kuzungumza amani kulilaumiwa na Wamarekani wengi wa wakati uleule. Mizani hiyo ilikuwapo tangu zamani.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili linatugusa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilisimamishwa wakati Ureno ikiwa chini ya Philip II, mfalme wa Hispania. Nayo ilijengwa kwa jiwe la baharini, matumbawe, na nayo iligeuzwa gereza, tangu 1895 hadi 1958. Kwa hiyo mzazi anayeingia na wanawe katika ngome yoyote ya namna hii, huko Florida au hapa Mombasa, awaulize maswali matatu kabla ya kufika kwenye mizinga: nani aliyabeba mawe haya, nani alikimbilia humu, na nani alifungiwa humu? Akikosa majibu kwenye vibao, amuulize mwongoza wageni. Watoto wetu wana haki ya historia nzima, na ni wajibu wetu kuwapa.