Kabla ya kununua boti, mjue fundi wake
Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo nafuu. Kwa familia ya Mabatini inayoishi kwa sato na dagaa, boti ni ada ya shule na chakula cha jioni. Ikilala mwaloni kwa ufa mmoja, marejesho hayasubiri.

Wazazi, kabla ya kulipa muulizeni muuzaji: ikivuja nani ataiziba? Vipuri vya injini vinapatikana wapi? Majaketi okozi yanawatosha wote? Dhamana iandikwe, risiti itunzwe.

Muuzaji mzuri hupokea simu hata baada ya kulipwa. Usiku ziwani, kazi ya fundi wake ndiyo inayomrudisha baba nyumbani.