Somo moja la hesabu, milango miwili

Wengi wetu tuna watoto au ndugu waliohamia Marekani. Siku moja simu inalia: "Baba, chuoni somo la hesabu lipo lenye krediti na lisilo na krediti. Nichukue lipi?" Ili tusijibu kwa kubahatisha, tuangalie mfano wa jimbo la California.

Krediti ni kipimo cha masomo yanayohesabiwa kwa diploma. Hapa kwetu, katika mfumo wa LMD, mwaka mmoja una krediti 60. Kule, vyuo vya umma vya miaka miwili vinamtoza mkaaji wa jimbo dola 46 kwa kila krediti. Somo la krediti 4 ni dola 184, bila vitabu. Mwenye mapato madogo anaweza kuomba kusamehewe ada hiyo.

Somo lisilo na krediti halina ada ya kujiandikisha. Katika vyuo vingine wanafunzi wa pande zote mbili hukaa darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja. Tofauti iko katika kile kinachobaki baada ya mitihani.

Anayesomea krediti akishindwa, alama mbaya inashusha wastani wake. Wastani ukibaki chini ya 2.0, anaweza kupoteza msaada wa masomo wa serikali. Asiyesomea krediti anaweza kurudia somo, na wastani wake hauguswi. Ndiyo maana linamfaa aliyekatiza masomo kwa sababu ya vita, au aliyejifunza hesabu kwa Kifaransa na sasa anazisikia kwa Kiingereza.

Lakini somo hilo peke yake halimsogezi kwenye diploma, na kwa kawaida universite hazilihesabu. Aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi awe mwangalifu zaidi: anatakiwa kuwa na krediti zisizopungua 12 kila muhula.

Basi, kabla ya kushauri, tumwulize mtoto: Unatafuta diploma gani, nayo inadai hesabu ipi? Mara ya mwisho ulisoma hesabu lini? Unafanya kazi saa ngapi kwa juma? Kisha apeleke majibu hayo kwa mshauri wa chuo kabla ya kujiandikisha.

Tusimsukume kwenye lisilo na krediti kwa kuwa ni la bure tu. Wala tusimwite mvivu aliyelichagua ili ajenge msingi kwanza. Aibu tunayompa kwa simu inaweza kumfanya aache shule kabisa.