Mbiru: Hesabu ya Jina la Mangi

Mwalimu wa Hedaru, huku Upare, kaskazini mashariki mwa Tanzania, anapoita majina asubuhi, si ajabu Mshana na Msuya wakakaa dawati moja. Wanagawana kalamu na kutaniana, na pengine hawajui kwamba majina yao ni mabaki ya ugomvi wa kiti cha enzi.

Washana ni ukoo wa wahunzi. Masimulizi ya Upare yanasema wao ndio waliotawala Ugweno, kaskazini, karibu kilomita 100 kutoka Hedaru. Hilo halishangazi. Aliyefua jembe alishika chakula cha watu, aliyefua mkuki alishika ulinzi wao. Kisha Wasuya wakawapindua. Angovi anatajwa kuwa kiongozi wa mapinduzi, na mwanawe Mranga kuwa aliyejenga dola: mangi mrwe, yaani mtawala mkuu, juu, mabaraza ya chila chini yake, washauri walioitwa wanjama, na jando la vijana likawekwa mkononi mwa dola.

Profesa Isaria Kimambo aliyachambua masimulizi hayo katika kitabu chake cha 1969, kinachoanzia takribani mwaka 1500 na kuishia 1900. Miaka 400, ukihesabu kizazi kimoja kuwa miaka 25, ni vizazi 16. Lakini huku kwetu hadithi huwa ya babu na mjukuu, na kati yao kuna miaka kama 50. Kwa hiyo makabidhiano 8 tu, jioni 8 za mtu mzima na mtoto karibu na moto, yanatosha kumleta Mranga hadi mlangoni mwa wakoloni. Mimi hesabu hiyo hunigusa kila ninapoifanya, kwa sababu mnyororo wa pingili 8 ni mfupi, na ni rahisi kukatika.

Waingereza nao wana mfalme wao wa hadithi, Arthur, na mashujaa wake wapanda farasi. Huyo anasemekana kuishi karibu mwaka 500, lakini kitabu cha Geoffrey wa Monmouth kilichompa umaarufu kiliandikwa karibu 1136, zaidi ya miaka 600 baadaye. Winchester kuna meza ya duara ya mwaloni yenye kipenyo cha mita 5.5 na uzito wa tani 1.2, iliyochorwa majina ya mashujaa 24. Mbao zake ni za karne ya 13, kwa hiyo Arthur hakuwahi kulia chakula juu yake. Mwaka 2017 filamu moja juu ya Arthur iligharimu dola milioni 175 na kuingiza kama milioni 149 sinemani. Mfalme ambaye hakuna aliyethibitisha kwamba aliishi bado anatafuna fedha za watu.

Upare hakukuwa na meza wala filamu. Lakini jina la mangi lilikuwa na thamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 lilitumika kudai fedha.

Utawala wa Waingereza na machifu waliokuwa chini yake walileta kodi mpya, ambayo kila mtu angetozwa kwa kadiri ya mali yake. Wakaiita mbiru, jina la tozo waliyotoa watu kwa wamangi zamani. Nadhani walitegemea kwamba jina la kale lingelainisha deni jipya. Watu wakakataa. Walijua tozo ya mangi ilikuwaje, na walijua kwamba kukadiriwa ng'ombe na mashamba na kamati ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same, makao ya wilaya, Paulo Mashambo akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakapiga kambi miezi mingi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo na kalamu. Kutoka Hedaru hadi Same ni kama kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni saa 10 za miguu juani, na aliyetoka Mamba au Gonja alikuwa na mlima wa kushuka kwanza. Sasa tuchukue watu 1,000 tu. Kila mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, ni kilo 500, yaani magunia 5 ya kilo mia mia. Kwa mwezi ni magunia 150, bila kuhesabu maharage, chumvi wala kuni. Kichwa kimoja kikibeba kilo 20, wanahitajika wabebaji 25 kila siku ya Mungu.

Na mashamba nyumbani yalibaki na nani? Wanawake. Wao ndio waliolima, wakavuna, wakapika, wakalea, na hesabu ya jasho lao ni kubwa kuliko ya unga. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, kaskazini mwa Upare, walichoka. Walimzingira mkuu wa wilaya wakimtaka amalize shauri hilo ili waume zao warudi majumbani, na mawe yakarushwa. Ilipofika 1947 mbiru ilikuwa imekwisha.

Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi aliyezaliwa 1931, alikuwa kijana wa miaka 15 hivi wakati huo. Baadaye akawa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili, akilibeba jina la ukoo wa Mranga hadi kileleni mwa serikali.