Mbwa Wasaidizi kwa Watu Wenye Ulemavu wa Viungo: Kumpata Anayefaa

Mtu aliyepooza miguu hukabiliana kila siku na mambo ambayo wengine hawayatambui: ufunguo ulioanguka sakafuni, mlango mzito, swichi ya taa iliyo juu mno. Akiinama kutoka kwenye kiti mwendo ili kuokota ufunguo, huenda akaanguka na kuvunjika mfupa bila hata kuhisi maumivu. Akijinyoosha kupita kiasi mwaka hadi mwaka, mabega huchakaa, ilhali mabega hayo ndiyo yanayomsukuma na kumhamisha kitandani. Nchini Marekani na kwingineko, sehemu ya kazi hizo hukabidhiwa mbwa waliofunzwa. Wagonjwa na ndugu zao wanaowaona mbwa hao kwenye simu huuliza kama wangewafaa. Jibu linahitaji kueleza jinsi mbwa hao wanavyopatikana.

Chimbuko

Mwaka 1975, mwalimu Bonnie Bergin alianzisha shirika la Canine Companions for Independence mjini Santa Rosa, California. Mbwa wa kuwaongoza wasioona walikwishazoeleka, lakini kumfunza mbwa amhudumie mtu asiyeweza kutembea lilikuwa jambo geni. Katika safari zake barani Asia, Bergin alikuwa amewaona watu wenye ulemavu wakiwatumia punda kubebea bidhaa na kujiegemeza.

Malezi na mafunzo

Wanaotumika zaidi ni Labrador, golden retriever na machotara wao, kwa kuwa ni watulivu na hupenda kubeba vitu mdomoni. Mtoto wa mbwa hupelekwa kwa familia ya kujitolea akiwa na umri wa takriban wiki nane. Huko hufundishwa adabu na kuzoeshwa sokoni, garini na penye kelele. Afikapo karibu mwaka mmoja na nusu, hurudi kituoni kwa mafunzo ya miezi kadhaa.

Njia kuu ni kumtuza kila atendapo sawasawa. Ni kanuni ileile inayotumiwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kuwafunza panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu: mlio mfupi humjulisha mnyama kuwa amepatia, kisha hupewa chakula. Kwa njia hiyo mbwa hujifunza kuokota vitu, kuvuta mlango uliofungwa kamba, kubonyeza swichi, kuvua soksi, kuleta simu na kubweka aitishe msaada.

Nyonga na viwiko vyake hupigwa picha za eksirei, kwani mwenye viungo dhaifu hapaswi kuvuta kiti wala kuegemewa. Mara nyingi karibu nusu ya mbwa hawafuzu, kwa sababu ya afya, woga au kutawanyika mawazo. Hao hutafutiwa kazi nyingine au familia za kuishi nazo.

Kulinganisha mtu na mbwa

Hatua hii ndiyo huamua mafanikio. Muombaji huhojiwa kuhusu ugonjwa wake, nguvu za mikono, sauti, makazi na mwendo wa siku yake. Kisha hukaa kituoni kwa takriban wiki mbili, akijaribiwa na mbwa mbalimbali. Wagonjwa wawili wenye jeraha la uti wa mgongo mahali palepale huweza kuhitaji mbwa tofauti: mmoja husafiri kwenda kazini kila siku, mwingine hukaa nyumbani na mama mzee. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, ambaye sauti yake imefifia, humhitaji mbwa anayetii neno la chini. Mbwa mwenye nguvu nyingi angemchosha na hata kumwangusha.

Faida na mipaka

Mwaka 1996, jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa watu 48 wenye ulemavu mkubwa wa kutembea. Nusu yao walipewa mbwa mwezi mmoja baada ya utafiti kuanza, wengine mwezi wa 13. Saa za kuhitaji msaidizi wa kulipwa zilipungua sana walipopata mbwa. Hata hivyo, wataalamu wengine walitilia shaka ukubwa wa matokeo hayo. Kwa hiyo tusimwahidi mgonjwa makubwa.

Gharama ya kumlea na kumfunza mbwa mmoja hufikia makumi ya maelfu ya dola, ingawa mashirika kadhaa humtoa bila malipo, na foleni huwa ndefu. Mbwa hustaafu baada ya takriban miaka minane ya kazi, na mwenye kumtegemea hupoteza mwenzi na msaidizi kwa siku moja. Mpango wa siku hiyo ufanywe mapema.

Ushauri kwa mhudumu na mgonjwa

Kabla ya kuzungumzia mbwa, orodhesheni kazi zinazomshinda mgonjwa. Nyingi hutatuliwa kwa njia rahisi: kamba kwenye kitasa, kishikio kirefu cha kuokotea, swichi iliyoshushwa, njia ya mteremko mlangoni. Yanayosalia ndiyo yapimwe. Je, nani atamlisha, kumwogesha na kumpeleka kwa daktari wa mifugo? Je, atapata chanjo ya kichaa cha mbwa kila inapohitajika? Je, wenye nyumba, kwa afya zao au imani yao, wanaridhia kuishi na mbwa ndani? Jibu la "hapana" katika mojawapo linatosha kuelekeza juhudi kwenye vifaa, mazoezi ya viungo na msaada wa jamaa. Mbwa asiyefunzwa, hata akivishwa koti la kazi, asitegemewe kumshika mtu asianguke.