Kisiwa Chenye Mlango Mmoja

Ndugu msikilizaji, wewe uliye Gataka, Rongai au Kitengela, bila shaka wakumbuka tarehe 6 Aprili 2020, tulipotangaziwa kwamba hakuna kuvuka mpaka wa eneo la Nairobi kwa ajili ya Korona. Tukawa kama watu wa kisiwani. Lakini malori ya vyakula yaliruhusiwa kupita, na mbuzi aliuzwa. Leo hebu tukitazame kisiwa chenyewe, Unguja.

Zamani Zanzibar iliishi kwa karafuu. Bei yake ilipoanguka katika miaka ya 1980, ikageukia utalii. Mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya laki tano, na utalii ukawa zaidi ya robo ya uchumi wake. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa huko. Aprili ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimama. Mwaka ulipokwisha, wageni walikuwa wamepungua kwa nusu hivi.

Pengine utasema, hasara hiyo ni ya wenye hoteli. La, ifuate shilingi. Mgeni asipofika, mpishi harudi kazini. Pweza wa mvuvi hana mnunuzi wa bei nzuri. Dereva wa teksi anakaa kivulini, fundi wa kanga za kuuzia wageni anafunika cherehani yake, na kijana wa bara aliyekuwa akipeleka mshahara kwa mama yake hapeleki kitu. Ugonjwa haujaingia nyumbani mwao, ila njaa imekwisha kupiga hodi.

Hapo ndipo penye ugumu. Mlango uletao mkate ndio huo huo uletao maradhi. Mei 2020 Tanzania ilifungua tena anga lake, nayo ilikuwa imekwisha kuacha kutangaza hesabu ya wagonjwa. Simlaumu aliyefungua, maana watu walipaswa kula. Lakini kufungua mlango bila kuhesabu waingiao na waanguao ni jambo zito. Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza kwamba ana Korona. Alifariki tarehe 17 Februari.

Wageni walirudi. Mwaka 2023 walipita laki sita, na pweza akapata tena mnunuzi. Mlango ungali mmoja.