Siku Sita Bila Mapafu

Rekodi ya kwanza ni ya dakika 26 tu. Kwa muda huo, Mei 6, 1953 mjini Philadelphia, mashine ya Dkt. John Gibbon ilifanya kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18, huku daktari akiziba tundu ndani ya moyo wake. Juni 1963, James Hardy wa Mississippi akapandikiza pafu la kwanza kwa binadamu. Mgonjwa aliishi siku 18.

Inayonishangaza kuliko zote ni ya Toronto, 2016. Mapafu ya mwanamke mmoja yalikuwa yamejaa makamasi mazito na bakteria wasiosikia dawa, na sumu yao ikasambaa mwilini. Mapafu ya kumpandikiza hayajapatikana, naye anakata roho. Madaktari wakayatoa yote mawili. Kwa siku sita kifua kikawa kitupu: mashine moja ikizungusha damu mwilini, na kifaa kingine kisicho na pampu kikiunganishwa na moyo, ambao wenyewe uliisukuma damu ipite humo ikachukue oksijeni. Saa chache tu baada ya mapafu kutoka, shinikizo la damu lilianza kutengemaa. Mapafu mapya yakapatikana, akarudi nyumbani.

Kwa ubunifu, tuzo naipa Chicago, 2023. Huko mgonjwa alikaa saa 48 bila mapafu, na moyo ukawa hauna cha kuegemea. Madaktari waliushikiza kwa vifuko vinavyotumika kuongeza ukubwa wa matiti.

Dawa ya ajabu kuliko zote ni protamini. Damu ikigusa plastiki ya mashine hizi huganda, ndiyo maana mgonjwa hupewa heparini ya kuzuia kuganda. Kazi ikiisha, heparini huzimwa na protamini, ambayo kwa miaka mingi imetolewa kwenye shahawa za samaki aina ya samoni. Waliowaza hayo, sijui walianzia wapi!

Rekodi isiyopigiwa tarumbeta ni ya kupunguza mzigo wa mashine kwa mgonjwa. Mashine ya zamani ya moyo na mapafu ina tangi ambamo damu hukutana na hewa, nayo hudai heparini nyingi, hivyo mgonjwa huvuja damu zaidi. Hospitali nyingi, Vienna ikiwa mstari wa mbele, katika kupandikiza mapafu zimehamia ECMO, mashine inayoipa damu oksijeni nje ya mwili: mzunguko uliofungwa, heparini kidogo. Faida yake huonekana pale pafu moja jipya limeshashonwa na la pili bado. Bila msaada, damu yote ya mwili ingelipitia hilo moja, likavimba kabla halijazoea kazi. ECMO hulipunguzia mzigo.

Madaktari wengine huitumia kwa karibu kila mgonjwa, wengine husubiri hadi upande wa kulia wa moyo uonyeshe kulemewa. Na wapo wagonjwa wanaobadilishiwa mapafu yote mawili, moja baada ya jingine, bila kuunganishwa na mashine hiyo hata dakika moja. Kwangu mimi, hao ndio wanaoshika namba moja.