Mawaziri Waliokalia Viti vya Mabwana Zao: Rekodi Sita

Kikulacho ki nguoni mwako. Kati ya karne ya 14 na ya 16, masultani kadhaa hawakuangushwa na jeshi la kigeni bali na waziri wao wenyewe: mtu aliyeshika hazina, aliyelipa askari na aliyejua zamu za walinzi. Kunyakua kiti kuliweza kuwa kazi ya usiku mmoja. Kukaa juu yake ndiko kulikokuwa na kazi, na hapo ndipo rekodi zao zinapotofautiana.

Ukoo uliodumu zaidi

Shah Mir aliingia Kashmir mwaka 1313 akiwa mgeni anayetafuta kazi. Akapanda hadi uwaziri, na mwaka 1339 akamzingira malkia Kota Rani, akachukua nchi na kujiita Sultani Shamsuddin. Mwenyewe hakufaidi sana, kwani alifariki 1342. Lakini ukoo wake ulitawala mpaka 1561, miaka 222.

Mwanzilishi aliyetawala muda mrefu zaidi

Mahmud Khalji alikuwa waziri wa Malwa, katikati ya Uhindi. Mwaka 1436 bwana wake alikufa kwa sumu, naye akakaa kitini hadi 1469: miaka 33, mingi kati yake ikiwa ya vita. Alipopambana na Rana Kumbha wa Mewar, kila mmoja alidai ameshinda na kila mmoja akajenga mnara wa ushindi. Ule wa Kumbha, wenye ghorofa tisa, ungali umesimama Chittor. Ule wa Mahmud kule Mandu ulikuwa na ghorofa saba. Uliporomoka, ikabaki sehemu ya chini tu.

Subira ndefu kuliko zote

Huko Fes, Moroko, ukoo wa Wattasi ulishika uwaziri mwaka 1420, sultani wa Kimarini akiwa bado mtoto mchanga. Mtoto alikua, akachoshwa na walezi wake, na mwishoni mwa miaka ya 1450 akaamuru wauawe. Mmoja wao, Muhammad al-Shaykh, aliponyoka. Aliingia Fes kama sultani mwaka 1472, miaka 52 tangu ukoo wake uanze kuendesha serikali. Alilipa ghali: alipokuwa ameizingira Fes, Wareno waliteka mji wake wa Asilah pamoja na familia yake. Mwanawe alikulia Ureno, na aliporudi na kurithi kiti mwaka 1504, watu walimwita al-Burtuqali, yaani Mreno.

Mshairi hodari zaidi, na dola fupi zaidi

Burhaneddin wa Sivas, katika Uturuki ya leo, alizaliwa kwenye ukoo wa makadhi. Akawa kadhi, kisha waziri, na mwaka 1381 akajitangaza sultani. Diwani yake ina ghazali zaidi ya 1,300, na haijulikani alizitunga saa ngapi, kwani karibu kila mwaka alikuwa vitani. Mwaka 1398 aliuawa na Kara Yuluk Osman, mkuu wa Aq Qoyunlu. Watu wa Sivas wakaukabidhi mji kwa Bayezid wa Uthmaniya. Miaka 17, basi.

Waliolikwepa jina la ufalme kwa muda mrefu zaidi

Qasim Barid wa Bidar, kusini mwa Uhindi, alimfanya sultani wa Bahmani kuwa mateka ndani ya kasri lake mwenyewe, lakini hakujiita mfalme hadi kufa kwake 1504. Mwanawe, Amir, aliwaweka na kuwaondoa masultani wa jina tu. Ni mjukuu, Ali Barid, aliyethubutu kujiita Shah.

Usafishaji mkubwa zaidi wa ikulu

Bengal ilikuwa imechoka. Tangu 1487 walinzi wa kasri na makamanda Wahabeshi, waliofikishwa huko kama watumwa kutoka Pembe ya Afrika, walikuwa wakiua masultani na kukalia viti vyao. Wa mwisho wao, Muzaffar Shah, alimpa uwaziri Sayyid Husain. Vitabu vya historia vya zamani vinasema waziri huyu alipunguza mishahara ya askari, kisha akanong'ona kwamba bahili ni sultani.

Muzaffar alipouawa, karibu 1494, wakuu walimuuliza Husain watapata nini wakimchagua. Akawaahidi kila kilicho juu ya ardhi ya mji wa Gaur. Kilicho chini yake kingekuwa chake. Uporaji ukaanza. Alipoamuru usimame, haukusimama, na inasimuliwa kwamba aliwaua waporaji 12,000. Kisha akachimbua dhahabu iliyofichwa, zikiwemo sahani 1,300 ambazo matajiri walilia chakula siku za karamu.

Baada ya hapo akavunja kikosi cha walinzi wa kasri, akawafukuza Wahabeshi nchini, na nafasi nyeti akawapa hata Wahindu, akiwemo Sanatana na nduguye Rupa. Alitawala hadi 1519, akafa kitandani, jambo ambalo mtangulizi wake hakulipata. Mlango alioufunga kwa walinzi, watoto wake waliufungua wenyewe: mwaka 1533 Mahmud, mwanawe, alimuua mtoto wa kaka yake ili atawale. Miaka mitano baadaye mvamizi, Sher Khan, aliichukua Gaur.